Fundi Kapya na ukuta ambao mvua haikuuangusha

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Ruashi, Septemba 1979. Kapya Mulenga anamwaga majivu chini kwa kopo lililotobolewa, akichora nyumba atakayoijenga. Mstari ni ukuta. Palipoachwa wazi ni mlango. Binti yake Ngosa, mwenye mimba ya miezi mitano, anaingia polepole, ndoo kichwani, kama mama aliyekuja kujifungua.

"Baba, bafu iko mbali," anasema. "Mama ya uchungu hatafika."

Kapya anaufuta ukuta wa majivu kwa mguu. Miaka kumi na minane alijenga nyumba za kambi ya kampuni ya shaba, ambako bafu hukaa nyuma kabisa kwa kuwa maji huja yenyewe kwa robine, bomba la ndani.

"Mukono yangu ingali inawaza iko robine," anasema, akicheka kidogo.

Hapa mtaani bomba liko mwendo wa dakika arobaini. Bafu linahamia mbele, karibu na mapipa yatakayopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa.

Ndivyo anavyoipanga materinite mpya ya mtaa, nyumba ya kujifungulia. Kwanza aliwauliza akina mama wanaogopa nini. Walimwambia joto la mabati, na maji. Yeye akaongeza la kwake, msitu. Kuchoma matofali yote kungemaliza miti iliyobaki kwenye barabara ya kwenda Kasomeno, na akina mama hao hao ndio watakaofuata kuni mbali zaidi. Basi anataka matofali mabichi ya udongo wa kichuguu, kuta nene, upenu mrefu. Ya kuchomwa yatakuwa ya msingi tu.

Wiki iliyopita nusura anyang'anywe kazi. Mwaba, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alisema mbele ya watu kwamba hawakutoka kijijini ili warudi kwenye nyumba ya udongo. Alitaka matofali mekundu, kama ya kambini. Kapya hakubishana. Aliwapeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye banda la kuku alilolijenga kwa matofali mabichi ili ayajaribu.

"Banamama bazalie mu nyumba ya kuku?" Mwaba aliuliza. Watu wakacheka.

"Kuku yangu hazijalowa, Tata Mwaba, mvua ya myaka mbili sasa. Gusa."

Mwaba aliukwaruza ukuta kwa ufunguo. Ulitoka unga kidogo tu. Akalizunguka banda, akainama chini ya upenu. Mwishowe akaamua: kijengwe chumba kimoja kabla ya mvua. Kikisimama, kazi iendelee. Kikianguka, matofali yachomwe, na miti ikatwe.

Kapya hafichi kwamba anaogopa. Ila Ngosa atajifungua Januari, mvua ikiwa imepamba moto, na Kapya anataka azalie ndani ya chumba hicho.

"Kama siamini ukuta yangu, ningemutuma mutoto fasi ingine," anasema. Anatamani mjukuu wake aogeshwe kwa maji ya paa lile.

Ngosa ameshafika kwenye kona ya mwisho. Anatua ndoo, anasimama ndani ya mistari ya majivu, mkono tumboni.

"Kitanda yangu ni hapa," anasema. "Hii usifute, Baba."