Wanja ya Mama

Batu bangu, leo Mama amenichekesha mbele ya darasa nzima, na machozi ikanitoka.

Munajua niko kwa formasio, masomo ya mafundi wa miwani, hapa Lilongwe. Tunajifunza kuweka lensi, kale kakioo kanakaa juu ya jicho.

Leo kila mutu alipaswa kuleta mutu wa kujaribia. Mi nikaleta Mama. Macho yake, miwani ilishashindwaga kuyasaidia.

Asubui kule kwetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, alijipaka wanja nyingi, kama siku ya Idi. Na mi akanipaka, kwa kupapasa tu, vile anafanyaga kila sherehe.

Kufika, mwalimu anasema wanja ya Mama itoke kwanza, isichafue lensi.

Mama akakasirika. "Nilipaka kwa ajili yako! Bajue uko na batu ya kwenu!"

Nikamufuta pole pole. Lensi ikateleza mara mbili.

Ya tatu ikakaa.

Hakuangalia hata ile karatasi ya herufi ya kupimia macho. Aliniangalia mi. Kwa muda mrefu.

"We mutoto, nani alikupaka wanja mubaya hivi? Moja iko juu, ingine iko chini!"

"Ni we, Mama."

Darasa, kicheko! Na yeye akacheka mpaka akakamata ukuta.

Lensi ya kujaribia tulirudisha, yake bado inakuja. Sasa tuko stendi ya Tsoka, tunangoja gari ya kurudi. Haoni muzuri tena, lakini ametoa wanja kwa mukoba: "Leta uso, nitengeneze."

Nimeleta.

Mukinikuta leo wanja imepinda zaidi, asitokee mutu wa kumwambia Mama.