X Nyekundu Kwa Nyumba ya Babu

Leo nimetoka sokoni Kikima nikapata X nyekundu kwa ukuta wetu.

Wakenya mnajua X. Ni tingatinga inakuja kubomoa.

Imepakwa kwa jikoni, lakini jikoni imeshikana na nyumba ya mawe ya babu, ile nimekuwa nikirekebisha. Nikajua zote zinaenda.

Afisa wa kaunti alikuwa bado kwa geti na brashi yake. Mama akamwita chai, na kwetu chai haiguswi bila maombi.

Mama akaomba, weh!

"Bwana, gusa moyo wa huyu kijana anayetaka kubomoa nyumba ya baba yangu..."

Nikafungua jicho moja. Afisa alikuwa anatoa jasho.

Baada ya amina afisa akasema polepole, "Mama, nyumba ya mzee ni ya kuhifadhiwa, hakuna wa kuigusa. Kinachotoka ni hii jikoni. Kijana wako alipewa kibali cha kurekebisha, si cha kuongeza."

Haleluya! Nilitaka kumkumbatia.

Ila jikoni ni mimi nilimjengea Mama, sapraizi.

Nikamwangalia anitetee.

"Hiyo?" Mama akasema. "Bomoeni hata leo. Moshi yote inarudi ndani."

Akamwongezea afisa chai.

Wenye mama kama wangu, mko wapi?