Swali Lililokosa Alama

Nakumbuka Jumatano moja, nikiwa kijana mwenye simu mpya na majivuno mengi. Nilikuwa nimeajiriwa na mpiga chapa katikati ya jiji la Nairobi, tukichapisha kadi za harusi. Mwanangu, kadi za watu nilizikagua nukta kwa nukta. Ujumbe wangu mwenyewe niliuandika kama mtu anayekimbizwa, bila koma wala nukta, nikidhani huo ndio ujanja wa mjini.

Mchumba wangu, Nekesa, alifanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Upper Hill. Jumamosi hiyo wazee wetu walikuwa waende kwao Bungoma kumposa. Basi tukakosana kwa jambo dogo, hata sasa silikumbuki. Alipokaa kimya, wasiwasi ukanishika, nikamwandikia neno moja tu: "Tumeachana".

Jioni kaka yake akanipigia simu. "Nekesa amesema wazee wenu wasisumbuke kuja."

Kesho yake Mzee Jayanti, mwenye kazi, aliniona nimeinamia kadi bila kuzisoma. Nikamwonyesha ujumbe ule.

"Hii ni swali ama ni habari?" akaniuliza.

"Ni swali, Mzee. Nilikuwa namuuliza."

"Sasa yeye atajua aje? Wewe umemwandikia hukumu. Enda umuulize vizuri."

Aliniudhi, kwa sababu alisema kweli. Kiswahili chetu hakibadilishi maneno ukiuliza. Mkiwa ana kwa ana, sauti inakusaidia. Kwenye maandishi una kile kialama tu, nami nilikiona mzigo.

Nikapanda Upper Hill kwa miguu, mkononi nina kikaratasi: "Tumeachana?" Nekesa alikisoma pale mezani pake, machozi yakimlengalenga. Akachukua kalamu, akaandika chini yake: "Hapana." Nukta aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Mwanangu, kikaratasi hicho mama yako anacho hadi leo, ndani ya Biblia yake. Muombe akuonyeshe kile kitundu. Kwa hiyo ukiuliza, weka alama ya kuuliza. Ukimaliza, weka nukta, na panapohitaji pumzi, koma. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Anayekusoma haoni uso wako. Mungu akujalie watu wa kukuelewa, na kila utakaloandika limfikie mwenzako kama lilivyotoka moyoni mwako.