Kijani cha Kilomita ya Arobaini na Moja

Dada yangu ameolewa na mtu aliyewahi kuingiza kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza yangu, nyumbani kwangu, chakula kikiwa mezani, eti imelala upande. Nilibisha. Akatoa kipimo mfukoni, akanionyesha. Kazini wanamwita Milimita. Ni nyapara wa gengi la reli, na mimi kama shemeji yake nina haki ya kumtania, ila habari hii sitaiongezea chumvi.

Kilomita ya arobaini na moja, chini ya tuta, kuna udongo mlegevu unaokunywa maji, na reli hapo huzama. Kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mbili Milimita na watu wake walikwenda na masululu, wakainyanyua reli, wakashindilia kokoto chini ya mataruma yanayoibeba, wakarudi. Hakuandika popote. Kwake yeye, kuripoti ubovu uliokwisha kuutengeneza ni kujisifu.

Kisha ofisi ikaleta modeli: reli yote ndani ya kompyuta, kila taruma na namba yake, kila kalvati na umri wake. Kitoroli cha kupimia kinapita kila mwezi, vipimo vinaingia, modeli inapaka rangi. Penye nyekundu panafumuliwa na kujengwa upya. Penye kijani panaachwa. Milimita alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na baada yake gengi lingekwenda pale tu modeli inapolituma.

Alimwomba injinia, binti mmoja mtulivu, amwonyeshe kilomita ya arobaini na moja. Ilikuwa kijani kuliko njia nzima. Aliponisimulia, nikamwambia kizuri chajiuza. Hakucheka.

Akamweleza injinia yote. Binti akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mzee," akasema. "Lakini humu hamna mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Panataka vipimo."

Na vipimo vilikuwa vizuri kwa sababu yake. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hatukuambiwa habari za mtu anayeziba ufa vizuri mno hata ukuta hauonekani kwamba umekufa.

Ikabaki njia moja: reli iachwe izame mpaka vipimo vyenyewe viseme. Injinia akasimika bango la kupunguza mwendo, treni zikawa zinapita taratibu kama zinavizia, na Milimita akakatazwa kugusa kitu wiki nne, mpaka kitoroli kipite. Kutazama aliruhusiwa. Alikwenda kila siku na bendera na kigoda. Dada anasema Alhamisi ya kwanza alishindwa kula. Ya pili alinyoosha picha zote ukutani, kisha akaenda kunyoosha za jirani. Ya tatu akanipigia simu kuniambia reli imezama kidole kizima, kwa sauti ya kutoa habari za msiba.

Kitoroli kikapita. Nyekundu.

Modeli ile ile inayotuma kazi hutuma na barua. Mahali pazuri pakiharibika ndani ya mwezi, humtafuta mhusika. Milimita akapata barua ya onyo, ya kwanza maishani, kwa uzembe. Injinia aliona aibu, akataka ifutwe.

"Iache," Milimita akamwambia. "Ukitaka kuifuta watachunguza, na wakichunguza kazi itasimama. Nitastaafu hawajamaliza."

Mashine zikaja, tuta likachimbwa, mfereji ukapitishwa, kokoto mpya zikamwagwa. Alikagua siku nzima na kulalamikia boliti moja.

Siku ya kuagwa, ofisa alisoma faili lake: miaka thelathini na nne, ajali hakuna, onyo moja, uzembe, kilomita ya arobaini na moja. Watu wakapiga makofi ya wastani. Mimi nilikuwa nataka kusimama niseme, dada akanikanyaga mguu.

Nje nilimuuliza kama inauma.

"Inauma, shemeji. Miaka ishirini na mbili nimepashika pale, hakuna aliyenijua. Nikapaacha wiki nne, ndiyo nikaandikwa."

Ilikuwa Alhamisi. Akatazama saa, akasema treni ya saa nane sasa inaingia pale, kwa mwendo wake kamili. Tukasimama pale nje, yeye, dada na mimi, mpaka aliposema imeshapita.