Siku Ejvind Aliposhusha Bendera

Nimeshaisimulia hii habari kanisani, nikaisimulia dukani, nikaisimulia kwenye kivuko, na bado mnaniambia niandike. Kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha mapema nikaenda kukamua, na mkono wangu unaijua chuchu ya ng'ombe kuliko kalamu. Lakini nyie mkiisimulia mnamfanya Ejvind kichaa, na Ejvind si kichaa. Haya, someni.

Ejvind Thorup aliendesha lori la maziwa hapa kisiwani tangu ana nywele mpaka hana. Kila asubuhi aliingia ua hadi ua, na pamoja na maziwa alibeba habari: fulani kajifungua, fulani kavunjika nyonga, kwa akina fulani leo bendera iko juu. Hilo la bendera lilikuwa kubwa. Kwetu mtu siku yake ya kuzaliwa hupandisha bendera uani tangu asubuhi, na ukiiona hungoji mwaliko. Unavaa shati safi, unaingia, kahawa ipo. Ejvind hakuwahi kupita bendera bila kusimamisha lori. Siku nyingine maziwa yalifika yamechelewa na tumbo la dereva linacheza ngoma kwa kahawa, na hakuna aliyemlaumu.

Kisha kiwanda cha maziwa kikafungwa. Lori likauzwa. Mkewe Inger akafariki, na binti yao Lisbeth akawa anapiga simu kila Jumapili kutoka mjini Odense, ng'ambo ya maji.

"Baba, hapa chumba kinakungoja. Huko unakaa na nani?"

"Nakaa na kisiwa kizima."

"Kisiwa kizima kimeinamia simu, baba. Mimi mwenyewe nimo kwenye kundi lao la simu, nawaona."

"Basi tuwekeane dau," akasema Ejvind. "Mwezi wa tano natimiza themanini. Asipokuja mtu kunywa kahawa yangu, njoo unichukue na godoro langu."

Lisbeth akakubali. Siku yenyewe iliangukia katikati ya wiki, naye alikuwa kazini. Angefika Jumamosi, ama kula kiporo cha keki ama kufunga mizigo.

Siku ilipofika, Ejvind alipandisha bendera, akaoka mikate midogo, akapanga keki ya tabaka kama alivyofanya Inger, ingawa yake ililalia upande mmoja kama mlevi. Akatoa vikombe vyote vya maua ya buluu. Akafunga tai, akakaa dirishani.

Simu ikaanza kulia kama chura. Hongera Ejvind! Vibendera, vidole gumba, maputo. Preben wa dukani alituma picha ya keki. Picha! Na keki ya kweli inazama pale mezani. Ng'ambo ya barabara, Ejvind alimwona jirani yake Tove amesimama dirishani kwake, kichwa chini, kidole kinafanya kazi. Moyo mwekundu ukaingia kwenye simu. Tove akainua kichwa, akapunga mkono, akavuta pazia.

Mchana ukapita hivyo. Krimu ikaanza kutoa jasho. Lisbeth akapiga.

"Baba, umeona? Wote wamekupongeza!"

"Nimeona."

"Na wamekuja?"

Ejvind akavitazama vikombe. "Siku haijaisha," akasema, akakata simu.

Hakukasirika, msiniongezee chumvi. Alikaa akafikiri kidogo. Kisha akavaa kofia, akatoka uani, akaishusha bendera mpaka nusu mlingoti, akaikaza kamba. Akarudi ndani kubandika maji mapya ya kahawa.

Na kwetu bendera ya nusu mlingoti haina maana mbili. Nyumba ile ina maiti.

Tove alifika wa kwanza, na ndara za ndani, anahema.

"Ejvind! Nani kafa? Niambie si Lisbeth!"

"Lisbeth mzima. Keti."

"Nani basi?"

"Kahawa. Ilikuwa inakata roho. Mimina."

Tove akanyakua kitambaa cha vyombo akamchapa nacho begani. "Mzee mpumbavu wewe! Nimekimbia moyo uko kooni!"

"Kumbe miguu unayo. Nilidhani umebaki na kidole."

Preben akaingia na aproni yake, duka ameliacha wazi. Nyuma yake mchungaji, baiskeli ameitupa kwenye maua, uso ameshauandaa kwa msiba.

"Mwili uko wapi?"

"Huu hapa, mchungaji. Una njaa. Tukatie keki."

Mchungaji akamtazama Preben, Preben akaitazama keki. Tove alikuwa bado ameshika kitambaa.

"Lakini mimi nilikutumia moyo," akasema, sauti imeshuka.

"Niliuona, Tove. Mzuri, mwekundu. Ila sikujua niutilie kikombe gani."

Tove akageuka, akalitazama pazia lake ng'ambo ya barabara, limefungwa mchana kweupe. Akachukua kisu, akakata keki, na kipande cha kwanza akampa mwenye siku yake.

Mchungaji akasema bendera haiwezi kubaki vile, ni kumtania Mungu. Wakatoka wote, Tove akavuta kamba mpaka juu kabisa, wakaimba wimbo wa kuzaliwa palepale uani. Watu walizidi kuja, makoti meusi juu ya suruali za shamba, wakauliza nani kafa, wakakalishwa. Vikombe vikaisha. Preben alinywea kopo la jamu.

Simu ikalia tena.

"Baba! Kwenye kundi wanasema umekufa!"

"Ngoja nimuulize Tove." Akageuka. "Tove, nimekufa?"

"Bado, kwa bahati mbaya!"

"Anasema bado. Lisbeth, Jumamosi usije na maboksi. Njoo na maziwa, nyumba imejaa na yameisha."

Simu hatujazitupa. Kundi bado lipo, na kivuko kikichelewa linasaidia. Ila mtu akituma kibendera humo, Tove huandika neno moja chini yake: Viatu. Nasi tunavaa, tunakwenda.

Haya, nimeandika, na kidole kinaniuma. Nawe umesoma bure? Lipa. Kuna mtu wiki hii umemtumia moyo, na mlango wake unaujua. Inuka, nenda kabishe hodi, unywe atakachokupa hata kikiwa kichungu. Na usinitumie picha.