Kivuli Chetu, Nazi za Bibi

Nilipoiona nyumba ile ya Msambweni mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji, baraza la kutosha kutandika mikeka miwili, na ua wenye minazi saba. Mume wangu alinifinya mkono. "Jizuie," aliniambia kwa sauti ya chini, "muuzaji akikuona hivyo tumekwisha." Basi nikakunja uso, nikaanza kuyakosoa madirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa mazuri mno.

Tulikuwa tumepanga chumba Ukunda kwa miaka kumi na mmoja, mimi nikioka mikate katika hoteli moja ya Diani, yeye akifundisha shule ya msingi. Sasa mwenye chumba alikuwa ameshatuambia kwamba mwisho wa mwezi anakitaka, mwanawe anaoa. Nyumba ile tuliihitaji hasa. Lakini mtu asije akasema tulikurupuka! Visa vya watu waliouziwa makaburi, njia za ng'ombe na mashamba ya mayatima tulikuwa tumevisikia hadi masikio yakachoka.

Tulipanda Kwale kwenye afisi ya ardhi, tukahakikisha kuwa hati ni ya muuzaji kweli. Tulimleta mpimaji atuonyeshe mawe ya mpaka, nami nikayakanyaga yote manne. Tulikwenda tena mvua ya masika inamwagika, tukasimama ndani tukiyakodolea macho mabati, karibu tuombe yavuje ili tupate la kusema. Hayakuvuja. Maji ya kisima tuliyaonja kama yana chumvi. Mke wa muuzaji tulimuuliza mbele ya wakili kama ameridhia, akajibu kwamba ameridhia tangu mwaka juzi, ni sisi tunaochelewa. Nilijiona bingwa. Kazini niliwahutubia wenzangu juu ya makosa ya wanunuzi wa nyumba hata bila kuulizwa, mpaka wengine wakaanza kunikwepa.

Siku mbili kabla ya kutia saini, nilikwenda peke yangu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nilikuwa juu ya kigoda, naimba, mara nikasikia puu! Kitu kimeanguka uani. Puu! tena. Nikatoka mbio. Juu ya mnazi kulikuwa na mkwezi na panga lake, anaziangusha nazi bila haraka wala wasiwasi.

"Wewe! Shuka! Nani kakuruhusu?"

"Mwenyewe, dada."

"Mwenyewe ni mimi!" Zilikuwa bado siku mbili, lakini hasira haina kalenda.

"Wewe una nyumba, dada. Mimi nimetumwa na mwenye minazi."

Akanionyesha kwa panga. Nyuma ya rundo la nazi alikuwa ameketi bibi mmoja wa makamo ya mama yangu mkubwa, kanga mabegani, ananitazama kwa utulivu. Nilifungua kinywa nimpe vidonge vyake. Kilichotoka ni "Shikamoo, bibi." Nimelelewa hivyo, na ukishaamkia, ugomvi hauna pa kuanzia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Minazi hii aliipanda baba yangu. Babu yake muuzaji alimpa ruhusa. Ardhi yao, miti yetu."

Nilitamani ardhi hiyohiyo inimeze. Mimi ni mzaliwa wa Vanga! Marehemu babu yangu alikuwa na mikorosho kwenye shamba la watu, na nilipokuwa mtoto nilitumwa kwenda kuokota korosho zake humo bila kumwomba mtu. Huku kwetu nani asiyejua kwamba ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe? Ila nilikuwa nimelewa hati na mihuri. Nilipomkabili muuzaji, alishangaa kwa dhati. "Mngekuwa watu wa bara ningewaambia," alisema. "Nyinyi nilijua mtauliza."

Wakili alikuwa mkavu zaidi. Bibi asiporidhia kwa maandishi, hakuna saini. Nikaanza kuona vitanda vyetu vimepangwa kando ya barabara ya Ukunda.

Jioni ile tulikwenda kwake, mimi na mume wangu, na mkate wa sinia niliooka mwenyewe. Alikula kipande kizima kwanza.

"Mtaikata?" akauliza.

Mume wangu alikohoa ili niseme hapana. Sikuweza. "Bibi, kichwani mwangu nimeshaikata miwili. Nilitaka pa kujenga jiko."

Alicheka hadi kanga ikamwanguka. Wanunuzi wawili kabla yetu, alitueleza, walimwapia kwamba hawatagusa hata kuti, kisha akawasikia wakiulizia bei ya msumeno. Aliwakatalia wote. "Wewe angalau umenambia," akasema. Keshoye alikwenda kwa wakili akaweka dole gumba: minazi yote saba ni yake, mkwezi ataingia, nasi hatukati. Jiko nililihamishia upande wa kisima.

Kwa hivyo leo nikitaka kupika wali wa nazi, nainunua nazi iliyoanguka mlangoni pangu mwenyewe, na bibi hunichagulia ndogo. Nikilalamika hunikumbusha kwamba kivuli ananipa bure. Wenzangu kazini wamenicheka wakachoka, na nilistahili.

Lakini niiseme na siku yake ya kwanza kuja baada ya sisi kuhamia. Kule Ukunda, kwa miaka yote kumi na mmoja, mwenye chumba alisukuma pazia akaingia alipotaka, hata nikiwa nimejifunga taulo. Bibi huyu aliujua ua ule kabla sijazaliwa, na miti ni yake. Nilikuwa ndani nakanda unga nilipomsikia amesimama nje ya lango, na mkwezi nyuma yake.

"Hodi! Hodi, mwenye nyumba!"

Hakuingia. Alisubiri, kisha akaita tena, "Mwenye nyumba hayupo?"

"Yupo, bibi!" nikapiga kelele, nikitoka mbio na unga hadi viwikoni, nalia na kucheka. "Yupo! Karibu!"