Kwenda Kashikishi Kumtafutia Mama Solange Mkono

Mliobaki huku Kilwa yetu ya ziwani mnajua nilivyoondoka: mbiombio, na begi lenye zipu mbovu. Mke wangu, Mama Solange, ana meza ya chisense kule Kashikishi, ng'ambo ya ziwa, na habari ilikuwa imenifikia kwamba daktari amemkataza kunyanyua kitu kwa mkono wa kulia. Miaka yote hiyo ya kuchota dagaa wakavu kwa kopo na kuwamimina kwenye mifuko ya watu ilikuwa imelimaliza bega. Daktari alisema akiendelea hivyo, mkono huo hautafika tena hata kichwani kufunga kilemba. Niliogopa, sifichi. Namjua mke wangu: angeniacha mimi kabla ya kuiacha ile meza.

Kuajiri mtu hataki kusikia. Kila msaidizi aliyemweka pale aliwajazia shangazi zake mifuko hadi ikapasuka. Kwa hiyo aliposikia kwamba wauzaji wawili wanaleta Nchelenge, mji wa jirani, roboti zenye umbo la mtu, ili wafanyabiashara wazione na kuzilinganisha, alinipigia simu papo hapo.

"Papa Solange, kuya mbio. Weye unauzishaka mabatri, unajua bile bintu. Minataka ile mashini. Mashini haina na ba tante."

Nanyi wenzangu wa sokoni mkadakia: maadamu unakwenda, tuangalizie na sisi, utuambie ipi inafaa kununuliwa. Nauza betri na paneli za sola, basi ikaonekana mimi ni mtaalamu wa roboti. Haya, mtaalamu wenu amerudi. Sikilizeni.

Asubuhi ya safari, pale tunapopandia boti, nilikuta ugomvi. Papa Dieudonné, mmoja wa wale wauzaji, alikuwa amekuja na roboti yake kutoka Lubumbashi. Alikuwa ameiketisha kwenye benchi, ameifunga kitenge hadi shingoni isirukiwe na maji, na juu yake ameivalisha jaketi la kuokolea. Mwenye boti alitaka nauli ya abiria.

"Ile ni muzigo," alisema Papa Dieudonné.

"Muzigo inakalaka ku benchi? Uilalishe chini pamoya na mihogo, utalipa ya muzigo."

Papa Dieudonné akainama kutazama maji yaliyokuwa yakichezacheza chini ya mihogo. Akalipa.

Katikati ya ziwa nilianza kazi mliyonituma. Nikamuuliza Papa Dieudonné roboti ilitoka wapi. Akakiri kwamba si mpya: ilikuwa ikipokea wageni katika hoteli moja. Kabla hajamaliza, wimbi likatupiga ubavuni na roboti ikazinduka. Ikamgeukia mama aliyeketi karibu nayo, ikainamisha kichwa kwa heshima na kumwambia kwa Kifaransa karibu sana, chumba chako kiko tayari. Mume wa yule mama alikuwa benchi la nyuma. Njia yote iliyobaki alitaka kuelezwa ni chumba gani.

Tulipofika Nchelenge boti ilisimama mbali kidogo na ufuko, kama kawaida, na wapagazi wakaja kutubeba mgongoni. Roboti nayo ilibebwa, kwani ilikuwa imeshalipa nauli. Mpagazi aliyeipata aliyumba, akazama hadi mapajani, akauliza huyu bwana anakulaka nini.

Mchana wa siku hiyo tulikusanyika katika ukumbi wa nyumba ya wageni. Hapo nikamwona mshindani wa Papa Dieudonné, Bwana Chanda wa Lusaka, kijana mwenye tai, na roboti yake ndefu, nyeupe, mpya kabisa. Viganja vyake vinahisi uzito. Ina dhamana ya maandishi, na vipuri vinaletwa kwa basi kutoka Lusaka. Chaji ya sola inaishikilia tangu soko linapofunguliwa hadi jua la utosini. Papa Dieudonné alipoulizwa kuhusu dhamana alijigonga kifuani, akasema, "Garanti ni miye." Bei yake ilikuwa ya chini sana, na kila aliyeutazama mkono wa kulia wa roboti yake alielewa sababu, maana ulikuwa unatetemeka. Ile ya Bwana Chanda ilitembea juu ya vigae kama bwana harusi. Nilipiga makofi. Nawaambia ukweli, mngekuwepo mngenunua palepale.

Kesho yake asubuhi tulizipeleka Kashikishi zijaribiwe kazini. Ule mwendo wa bwana harusi uliishia kwenye hatua ya kwanza, maana mchanga uliimeza roboti ya Bwana Chanda hadi magotini. Tukatafuta mbao za kuisimamishia. Mama Solange alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, wa kushoto unatoa amri. Hakunipa hata salamu ya maana.

"Ianze kupima," alisema.

Ikaanza. Loo, ile mashine inapima! Inachota, inasawazisha kwa ukingo wa kiganja, inamimina bila kudondosha hata dagaa mmoja, kisha inasema: "Asante. Mteja anayefuata." Wanawake wakaipa jina hapohapo: Juji, yaani hakimu, kwa sababu machoni pake watu wote ni sawa. Mama Solange alitabasamu. Lakini mteja wa kwanza hakuondoka. Alibaki ameshika mfuko wazi, akimtazama Juji usoni. Wa pili akajipanga pembeni yake, naye kaacha mfuko wazi. Wa tatu hali kadhalika. Muda mfupi baadaye meza ilikuwa imezingirwa na wanawake waliokwisha kulipa na hawataki kwenda.

"Mbasela iko wapi?" mmoja akauliza.

Ninyi huku mnaiita matabishi: ile nyongeza ya juu, baada ya kipimo. Hakuna sheria inayoidai, na hakuna mtu anayenunua mahali isipotolewa. Bwana Chanda hakutishika. Akatoa kompyuta yake ndogo ya mkononi.

"Haina shida, bamayo. Munipe namba tu. Mbasela ni kiasi gani?"

"Inategemea mutu," alisema Mama Solange.

"Mutu gani?"

"Huyu eko na mimba, anapata mara mbili. Ule alifiwa na bwana, minamuongezeaka bila kusema kitu. Huyu ananiitaka yaya, dada yake mukubwa, lakini akikuwa na shida tu, huyu kidogo. Na ule kule..." Akaelekeza kwa kidevu. "Ule, hapana hata kamoja."

Ule kule alikuwa Bana Mutale, mama mwenye mgahawa kule Chienge, mnunuzi wake mkubwa kuliko wote. Mwezi uliopita alikuwa amesema mbele ya soko zima kwamba chisense ya Mama Solange ina mchanga. Tangu hapo anapimiwa kwa haki, hazidishiwi kitu. Bwana Chanda aliandika, akafuta, akaandika tena, mwisho akalegeza tai.

"Awe, mayo," alisema akitikisa kichwa. "Hiyo haiingie mu mashini."

Ikawa zamu ya Papa Dieudonné, naye alikuwa anaingoja kwa hamu. Roboti yake ilimwinamia mteja wa kwanza, ikamwambia chumba chake kiko tayari, ikainua viganja vyote viwili kama anayebariki, na wanawake wakaibatiza Pasta. Kisha Pasta akachota. Mkono ukatetemeka, dagaa wakamwagikia mfukoni. Pasta akatazama kopo, akaona halijajaa, akachota tena. Mkono ukatetemeka tena. Kopo lilipokuja kujaa, mfuko ulikuwa umeshapata mbasela ya harusi nzima.

Habari zilisambaa ufuko mzima. Waliokuwa wamekwisha kununua kwingine walirudi. Papa Dieudonné alinikonyeza, nami nikaanza kupiga hesabu ya hasara ya mke wangu, nikaona ni afadhali wale shangazi.

Ndipo Bana Mutale akafika mbele. Pasta akamwinamia zaidi ya wote, au ndivyo mke wangu alivyoona. Akachota, akamwaga, akachota, akamwaga, mpaka mfuko wa Bana Mutale ukawa na kilima.

Mama Solange aliruka kutoka kitini. "Ule hapana!" akapiga kelele, akalinyakua kopo. Kwa mkono wa kulia.

Kilio alichokitoa sitaki kukisikia tena. Kopo likaanguka, mimi nikasimama kama nguzo, mtaalamu wenu. Aliyekwenda ni Bana Mutale. Alitupa mfuko wake pamoja na kilima chake, akamketisha mke wangu, akafungua kitenge cha juu katika viwili alivyojifunga, akautundika ule mkono shingoni polepole huku akimgombeza kama mtoto.

"Mwe mayo! Juu ya chisense unataka kujiua?"

Mama Solange alikuwa analia. Katikati ya machozi akauliza, "Iko na muchanga ao haina na muchanga?"

Bana Mutale akafikiri. "Ilikuwa nao kidogo."

"Kidogo?"

"Kidogo sana."

Wakatazamana, na mke wangu akacheka, kwanza kwa shida, halafu kwa sauti. Akajipangusa uso. "Bon. Mumurudishe Juji," alisema.

Juji alirudi kwenye ubao wake, akampimia Bana Mutale kopo baada ya kopo, yote bapa. "Asante. Mteja anayefuata." Bana Mutale hakuomba kitu, alikuwa anaufunga mfuko. Mke wangu akaushika ukingo wa ule mfuko, akauzuia. Akanyoosha mkono wa kushoto, akatia konzi moja ya chisense. Akafikiri. Akatia nyingine.

Kuanzia saa ile ndivyo meza inavyokwenda. Juji anachota na kunyanyua, Mama Solange ameketi na kuongeza kwa mkono mzima, kwa anayemtaka. Tumemkodi kwanza, hatujanunua. Pasta alipata kazi palepale Nchelenge, katika nyumba ya wageni, na huko vyumba viko tayari kweli.

Jumamosi mimi na mke wangu tulivuka pamoja kurudi Kilwa, maana Jumapili yeye hauzi. Kwa hiyo wenzangu, jibu langu ndilo hili: chukueni ile inayopima sawasawa, mwendo wake kwenye vigae usiwadanganye, na muikodi kabla ya kuinunua. Msitafute roboti ya kutoa mbasela; hiyo toeni wenyewe kwa mkono. Isiyotoa itawafukuzia wateja, na ile inayotoa haijui inampa nani.

Jioni hiyo nyumbani mimi ndiye niliyesonga bukari, ugali wetu, naye akapakua mboga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia katika kitenge cha Bana Mutale. Nilikuwa bado sina raha kwa sababu ya kusimama kwangu kama nguzo siku ile. Nikapokea sahani, nikataka kuondoka. Akaishika ukingo, akaniongezea kijiko kimoja juu.

"Hii ya nini?" nikauliza.

"Ulikuya mbio," alisema. "Kula, unyamaze."